Barua Iliyomsubiri Mzee Chediel

2 Desemba 2024

Mama Rebeka,

Mtoto wako amenitumia kaunta buku kutoka Rungwa, kwa mkono wa dereva wa lori la asali. Ukurasa wa kwanza ameandika, "Baba, ukikosa wa kuongea naye, andika." Nililiweka juu ya kabati siku tisa. Leo mvua ya kwanza ya maana imenyesha. Nilipokwenda kukutazama kule nyuma ya jiko nikakuta udongo umetitia upande wa kichwani, nikaujaza kwa koleo na kuusawazisha kwa mikono. Nikarudi ndani, nikanawa, nikasema basi, nitamwandikia yeye mwenyewe.

Miezi mitano sasa. Vitu vyako vipo kama ulivyoviacha, isipokuwa kile kikombe cha bati chenye ua jekundu. Nilikiangusha, kimebanduka rangi karibu na mshikio. Bado natumia.

Kati yako na uzio wa minyaa nimeacha upana wa mtu mmoja. Hapo ni pangu. Nilimwambia Rebeka siku ya tatu ya msiba, akaniziba mdomo kwa kiganja.

5 Desemba

Nimepanda kunde mbele ya nyumba. Mbegu ni zile ulizofunga kwenye kitambaa cha bluu.

9 Desemba

Mkutano wa mtaa, darasani, kwa sababu nje kulikuwa na tope. Mwenyekiti wetu mpya ni Michael, yule muuza vipuri vya baiskeli. Bado hajazoea cheo, anaomba radhi kabla ya kila tangazo.

Alikuja na afisa mipango miji, binti anaitwa Happiness. Alivaa buti za mvua. Alipita safu zote za wazee akitoa shikamoo mmoja mmoja, hata kwa Mama Tatu ambaye hasikii. Nilimpenda kwa hilo. Halafu alibandika mchoro ubaoni. Unaitwa mpango wa uendelezaji upya. Soko la ghorofa mbili, stendi mpya, mahali pa kuegesha magari, na barabara pana itakayopita kati yetu na maduka ya kina Tajdin. Mpaka wa barabara umechorwa kwa rangi nyekundu.

Elina muuza mboga akauliza, "Mwanangu, mimi niko wapi hapo? Nisije nikawa nimeshajengewa juu ya kichwa."

Watu wakacheka. Happiness akamwonyesha. Jiko la Elina lilikuwa ndani ya barabara.

Mimi nilisogea mpaka ubaoni na miwani yangu. "Hapa ni wapi?"

"Uwanja wa nyuma wa nyumba namba kumi na saba, mzee."

"Ndiyo kwangu. Mke wangu amelala hapo."

Aliondoa kalamu kwenye mchoro haraka, kama mtu aliyekanyaga asipopaswa. "Pole sana, baba." Akapima kwa rula. Mpaka unapita miguuni pako. Kichwa na kifua viko nje ya barabara, miguu iko ndani. Na pale pangu pia.

Kisha akasema na wote, polepole. Alisema hii bado ni rasimu, haijapitishwa. Itabandikwa ofisi ya mtaa siku thelathini, tangu tarehe 16 Desemba hadi tarehe 14 Januari. Mwenye pingamizi aandike. Baada ya hapo kutakuwa na mkutano wa hadhara wa kusikiliza waliopinga, kisha madiwani watapitisha.

"Nawaomba muandike, wazazi wangu," alisema. "Ukinyamaza itahesabiwa umekubali. Mipaka inaweza kusogea. Hii ni karatasi tu kwa sasa."

Nimerudi nikihesabu hatua. Tukiomba barabara isogezwe hatua sita tu upande wa pili, wewe unabaki mzima na mimi napata mahali pangu.

10 Desemba

Mvua usiku kucha. Udongo haujatitia.

18 Desemba

Barua ya pingamizi imeandikwa. Walinipa mimi kazi hiyo kwa sababu ya mwandiko wangu wa pale kwenye mashine ya alizeti. Unakumbuka nilivyokuwa naandika majina ya wakulima kwenye magunia, na wewe ukasema hata gunia la mashudu likiandikwa na mimi linaonekana la bwana harusi.

Nimeiandika kwa mkono, Rizwana akaichapa kwenye steshenari yao. Binti wa Tajdin amekuwa mtu mzima. Alipokuwa mdogo alikuwa akija hadi mlangoni kwetu, wewe unamwekea alizeti za kukaanga kwenye pindo la gauni, naye anakimbia huku zinamwagika. Alinikumbusha mwenyewe leo. Kuchapa hakunitoza. Alisoma barua mara mbili na kurekebisha mahali pamoja nilipoandika "tunaomba kwa magoti".

"Usipige magoti, mzee Alute. Sema tunapinga."

Basi imeandikwa tunapinga. Ina nyumba ishirini na nane, kila moja na jina na sahihi. Namba moja tumemwachia Mzee Chediel.

Hakuna aliyetoa amri hiyo. Nilipopeleka karatasi kwa Mama Tatu alisaini namba mbili. Kwa Elina, namba tatu. Nikamwuliza kwa utani, "Namba moja huioni?"

"Nimwandikie juu Mzee Chediel? Vidole vitaniota vidonda!"

Wewe unamjua. Alifika hapa kukiwa na vichaka na fisi. Hakuna posa iliyopita mtaa huu bila yeye kufungua maneno, na siku yako yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, sote tukasubiri mkono wake. Kuweka jina lako juu ya lake ni kama kukalia kigoda chake naye amesimama mlangoni.

Yuko Ihanja shambani tangu Novemba. Atarudi palizi ikiisha.

25 Desemba

Krismasi. Nimepika wali, umekuwa bokoboko. Rebeka hakupatikana, kule Rungwa mtandao ni wa kupanda juu ya kichuguu.

30 Desemba

Wamesaini ishirini na saba. Nimezunguka kwa mvua na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, nimeifunga kifuani kama mtoto. Watu wanasaini vizuri, wanafikiri kwanza, wengine wanafanya mazoezi kwenye kiganja. Kila nyumba wananipa kitu, chai au muhogo. Ni siku nyingi sijaingia nyumba za watu. Tangu wewe, nilikuwa naona wananihurumia. Sasa wananingojea. Ndugu yake Michael amesema tukishinda nitaitwa Alute wa Barabara.

Mama Rebeka, nitakuwa mkweli. Nimefurahi wiki hii.

Tumemtumia ujumbe Mzee Chediel kwa kondakta wa basi la Ihanja.

4 Januari 2025

Nilipita kwa Rizwana kufanya fotokopi. Alitazama ukurasa wa majina, akaweka kidole pale juu patupu.

"Hapa kuna nini?"

"Pa Mzee Chediel. Yuko shambani."

"Mzee Alute, baba alipeleka yake siku ya tatu. Ameshapewa nakala yenye muhuri. Peleka hii leo. Sahihi moja haitabadilisha chochote."

"Kwenu kuna mzee akiwa hayupo chakula kinaliwa?"

"Kinaliwa, tunamwekea chake."

"Sisi hatumwekei, tunamsubiri."

Alicheka lakini hakuwa na furaha. Akasema, "Basi mfuate huko huko Ihanja. Nauli nitakupa mimi."

Nilimwambia nitafikiri. Nauli ninayo. Njiani nilijiona nikimtokea mzee katikati ya alizeti na karatasi mkononi kama askari wa mahakama, naye ana jembe na matope mpaka magotini. Kwetu mzee hafuatwi shambani kwa shughuli. Anasubiriwa kwake, anaoga, anapewa maji, ndipo anaambiwa. Nimeona aibu. Sikwenda.

9 Januari

Kondakta ameleta jibu. "Mwambieni Alute nimesikia. Nikimaliza kipande cha bondeni nakuja."

11 Januari

Nilimwendea Michael kumwomba ushauri, siku tatu zikiwa zimebaki. Alikuwa ananyoosha ringi ya baiskeli.

"Naomba radhi, mzee wangu, lakini tukipeleka karatasi yenye namba moja tupu watasema huyo mmoja amekataa. Na tukimfuta, tutamwambia nini akirudi? Tumsubiri. Amesema anakuja."

Niliridhika, kwa sababu alisema nililotaka kusikia.

12 Januari

Baada ya kanisa nimepita kwa Mzee Chediel. Mlango una kufuli.

13 Januari

Mvua tangu alfajiri, ile ya kunyesha wima. Kunde zimelala. Upande wako nimeweka turubai na mawe manne.

14 Januari

Niliamka nikavaa koti la kanisani. Nikakaa kwenye benchi la Mzee Chediel, nje ya nyumba yake, na mfuko wa plastiki magotini. Saa tatu asubuhi hayupo. Basi la Ihanja lilipita saa tano, kondakta akanipungia mkono kuonyesha hakuna. Elina alikuja na uji, akakaa.

"Baba Rebeka, ofisi wanafunga saa tisa na nusu."

"Najua."

"Sasa tunakaa hapa tunamtazama nani? Andika jina lake wewe. Mwandiko wako unafanana na wa kila mtu."

"Nimghushie mzee?"

Alinimiminia uji. Baadaye akasema, "Mimi na mdomo wangu, hata mimi nisingeweza."

Saa saba wakaja wengine. Ilipofika saa nane tulikuwa watu kumi na moja uani kwa mtu ambaye hayupo, tukizungumza habari za mvua. Nadhani kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aseme twende. Mimi ndiye niliyekuwa na karatasi. Ni mimi niliyepaswa kusema.

Mzee Chediel alifika saa kumi na moja kasoro, kwa miguu kutoka barabara kuu, kiatu kimoja mkononi. Pikipiki iliyomchukua ilikwama kwenye mto mdogo, akavuka kwa kushikwa mkono. Tulisimama sote. Shikamoo, shikamoo. Akaitikia moja moja. Akaletewa maji akanawa, akakalishwa, akapewa chai. Hakuna aliyesema neno juu ya karatasi mpaka alipoweka kikombe chini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nikamsomea barua yote. Akapaka dole gumba wino, akabonyeza pale juu. Alama yake ni kubwa na imesimama vizuri.

"Mnapeleka lini?"

"Mwisho ni leo, mzee."

"Leo lini? Si jua limeshakwenda?"

Akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa Kinyaturu kwanza, kisha kwa Kiswahili, ili hata Michael asiyeijua lugha yetu asikie. "Kwa nini mliniachia hapo juu? Na kama ningefia kule bondeni?"

15 Januari

Nilifika masijala kabla hawajafungua. Karani aliipokea, akagonga muhuri, tarehe ya leo. Nikamwomba agonge ya jana. Hakunikasirikia. Alisema, "Baba yangu, muhuri huu unageuzwa kila asubuhi na bosi." Barua yetu akaiweka kwenye jalada jingine, si lile la mapingamizi. Niliona jalada la mapingamizi. Ni jembamba sana.

16 Januari

Sijatoka.

24 Januari

Palizi ya kunde. Nimeondoa turubai.

6 Februari

Mkutano wa hadhara, ukumbini. Viti vilipangwa vizuri na chupa za maji mezani. Happiness alikuwa mbele, hakututazama sana. Mwenyekiti wa kikao alisoma utaratibu, kwamba watakaosema ni wale ambao mapingamizi yao yalipokelewa ndani ya muda. Yalikuwa matatu, yote ya upande wa pili wa barabara.

Elina alisimama. "Naomba kuuliza. Sisi wengine tumekuja kupiga makofi?"

"Mnakaribishwa kusikiliza, mama."

"Ahaa. Basi ningekuja na mchicha wangu nichambue."

Watu walicheka, hata mwenyekiti. Kisha Tajdin akasimama. Amezeeka, karatasi aliisogeza karibu na macho. Alisema duka lilijengwa na babu yake, kwamba akikatwa upande wa mbele haibaki duka, inabaki ukuta. Alisema vizuri, kwa adabu. Akaomba barabara isogezwe upande ambao, hivi ndivyo alivyosoma, "haujaleta pingamizi". Rizwana alikuwa amekaa nyuma yake. Nilimwona akiinama.

Mzee Chediel alisimama bila kuitwa. Alivua kofia. "Mimi ni namba moja," alisema.

Mwenyekiti akapekua. "Namba moja wa wapi, mzee?"

"Wa barua ya mtaa wa Minyaa."

"Barua hiyo haipo mezani, mzee wangu. Samahani sana. Kaa upumzike."

Alibaki amesimama muda, kofia mkononi. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kumwambia Mzee Chediel akae. Kisha akakaa.

7 Februari

Nimemchukia Mzee Chediel leo. Nakuandikia wewe kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Nimekaa nikifikiri kipande cha bondeni kingeweza kusubiri, magugu hayana tarehe. Halafu nikakumbuka alivyotuuliza kwa nini tulimwachia pale juu, nikachukia tena, mara hii si yeye.

15 Februari

Mvua imekatika siku nane. Mahindi ya watu yanajikunja.

27 Februari

Madiwani wamepitisha. Michael alikuja kuniambia mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuomba radhi, nikajua kumeharibika.

4 Machi

Mchoro mpya umebandikwa ofisi ya mtaa. Nilikwenda peke yangu wakati wa mchana watu wakiwa wamelala. Barabara imesogea. Happiness alisema kweli, mipaka inasogea. Imesogea hatua tisa kuja kwetu. Wewe uko katikati ya njia ya magari, upande wa kwenda Singida. Nilipima kwa vidole, kisha nikapima tena. Niliweka kidole hapo ulipo, nikakiacha mpaka mlinzi akaniuliza kama nasikia kizunguzungu.

10 Machi

Rizwana alikuja. Amefunga Ramadhani, midomo imekauka. Hakutaka kukaa. Alisimama pale nyuma ya jiko akitazama kaburi lako, kidogo tu akaanza kulia kama alivyolia siku ile alipong'atwa na nyuki akiwa mdogo, bila sauti, mabega tu.

"Mzee Alute, baba hakujua. Mwanasheria ndiye aliyemwandikia yale aliyosoma. Alisema kule hakuna aliyepinga, kwa hiyo hakuna atakayeumia."

"Ni kweli hatukupinga."

"Mlipinga! Mimi nilichapa!"

"Ulichapa vizuri, mwanangu."

"Nitukane basi."

Nikamwambia nimtukane kwa kosa gani? Baba yake aliomba kilekile tulichoomba sisi. Alitaka hatua chache, sisi tulitaka hatua chache. Yeye alifika mapema. Alisema anatamani duka livunjwe. Nilimkataza. Duka likivunjwa wewe hurudi nje ya barabara, miguu wala kichwa.

Alipoondoka niligundua sikumpa hata salamu za kumpelekea baba yake.

22 Machi

Mzee Chediel ametembea mpaka hapa. Ni mbali kwake siku hizi. Alikaa kwenye ngazi ya jiko, si kwenye kiti nilichomletea, kwa hiyo na mimi nikakaa chini.

"Alute, wewe unajua kwa nini sikuja mapema?"

"Palizi, mzee."

"Palizi ya siku tatu nimeilima wiki tano. Nalima mstari, nasahau nimeanzia wapi, naulima tena. Nikimaliza bonde naliona jipya. Siku ile kondakta aliponiambia, nikajua ni jambo. Asubuhi nikalisahau. Nikalikumbuka tarehe kumi na nne kwa sababu mvua ilinizuia ndani."

Watoto wake hawajui. Alikuwa akiishi mjini kwa kufuata njia zilezile, watu wakimsalimu na yeye akiitikia, na hakuna aliyeona. Na mimi niliyekaa wiki nne nikimsubiri aweke dole gumba, sikuona. Tulimheshimu sana hata hatukumtazama.

"Usiwaambie," alisema. "Bado nina posa mbili za kufungua."

Chuki yangu imekwisha leo. Afadhali ingebaki, ilikuwa inanipa kazi.

2 Aprili

Notisi ya kuhamisha makaburi. Uhamisho ni tarehe 24. Ndugu wa karibu awepo na asaini.

Nilisaini hapo hapo. Sikumsubiri mtu.

5 Aprili

Nilimpata Rebeka kwenye simu. Barabara ya Rungwa imekatika, lori linalala njiani siku tatu. Analia kwamba atakuja hata kwa miguu. Nimemkataza, ana mimba ya miezi saba. Nilikuwa sijakuambia. Akizaa wa kike atamwita jina lako.

18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimefyeka majani pembeni yako ingawa haina maana.

24 Aprili

Walikuja saa moja na nusu asubuhi, vijana wanne, bwana afya na katekista. Happiness pia alikuja, si kazi yake, alivaa buti zilezile. Alisimama karibu na uzio. Walinyoosha shuka kubwa kuzunguka pale ili watu wasione, Elina na Mama Tatu wakashika upande mmoja. Waliniambia nikae mbele ya nyumba. Nilikaa. Nilisikia majembe. Udongo wako ulikuwa laini kwa sababu nimeujaza mara nyingi, sauti haikuwa ya kuchimba, ilikuwa kama mtu anapakua chakula.

Baadaye katekista alinijia. "Wamemaliza, baba Rebeka. Amekaa vizuri." Sanduku lilikuwa dogo kuliko la kwanza. Limefunikwa kitambaa cheupe. Nilipotaka kulibeba bwana afya alisema hairuhusiwi, kisha akageuka kutazama mtaro, na mimi nikalishika upande wa kichwani mpaka kwenye gari. Si zito. Samahani, lakini hilo nimeshindwa kulisahau tangu asubuhi. Wewe uliyekuwa ukibeba debe la maji na kuni juu yake.

Makaburi mapya yako ng'ambo ya machinjio. Ni uwanja mwekundu, hakuna mti. Mistari imepimwa kwa kamba, kila shimo lina kibao chenye namba. Yako ni 63. Kushoto kwako ni mtoto wa Elina, yule wa mwaka ule wa surua, amehamishwa siku moja nawe. Shimo la kulia lilikuwa tupu, 64. Nilimwita mwangalizi.

"Kijana, hii naomba mniwekee."

"Shikamoo, mzee. Hapa tunazika kwa mfuatano. Anayekuja leo ndiye wa leo."

"Nitalipia."

"Haiuzwi, baba. Hata diwani hapewi."

Happiness alijaribu kuongea naye pembeni. Nilimwona akionyesha kwa mkono, na yule kijana akitikisa kichwa kwa heshima. Saa nane mchana walileta wa 64. Mwanamume kutoka upande wa stendi, hakuna aliyejua jina lake, aliyekuwa amezikwa karibu na karakana. Nilisimama na kofia mkononi kwa ajili yake pia. Hana kosa.

Happiness alinirudisha kwa gari la ofisi. Njiani alisema, "Baba, ile siku darasani ningewatajia tarehe ya mwisho iliyo siku mbili kabla. Ningewadanganya tu."

Nilimwambia angetaja tarehe yoyote, tungekaa tukimsubiri mzee.

25 Aprili

Shimo nyuma ya jiko wamelifukia. Kuku wanaparura hapo.

30 Aprili

Mvua zimekwisha. Kunde nimevuna sahani moja.

11 Mei

Mama Rebeka,

Tingatinga limefika kwa Elina jana, kesho kutwa ni kwangu. Mdogo wangu wa Issuna amenipa chumba, anakuja na mkokoteni kesho asubuhi. Nachukua kitanda, kabati, sufuria mbili na vikombe. Mlango nilitaka kuung'oa lakini umeshavimba kwa mvua, nimeuacha. Mzee Chediel amechukuliwa na mwanawe, amempeleka Dodoma. Wanasema siku anaondoka alisalimia nyumba zote, hata zile zilizokwisha kuvunjwa.

Nilikwenda kukuona leo mara ya mwisho kabla ya safari. Nilikaa muda mfupi, jua lilikuwa kali. Mstari wako umejaa, mwingine mbele yako umeshaanza. Nilihesabu mashimo yaliyo wazi nikijaribu kukisia langu lingekuwa lipi kama ningekaa hapa, na nikaona hata hilo si la kukisia. Mimi nitazikwa Issuna. Kule wana eneo lao la ukoo, watanipokea vizuri, watanilaza kati ya watu wangu. Kutoka huko mpaka namba 63 ni mbali, na hakuna atakayenileta.

Nilifikiri nikuombe msamaha kwa barua ile. Nimejaribu kuandika hilo mara nyingi, linatoka kama barua ya ofisini. Ningeipeleka siku ya tatu, kama Tajdin, ungekuwa bado nyuma ya jiko na mimi nisingekuwa nafungasha. Nilichofanya nilikifanya kwa sababu nilifundishwa hivyo, na nikiwekwa tena kwenye lile benchi na mfuko magotini, sina hakika ningeinuka. Hilo ndilo linaniumiza kuliko barabara.

Naandika jina lako kama nilivyokuwa nikikuita kabla hatujapata mtoto. Klara. Sitakuwa karibu yako tena, wala siwezi kukulindia udongo. Wewe unikumbuke tu.